Aliyetembea kwa Miguu Yangu

Niliacha shule nikiwa darasa la saba, kabla ya mtihani, na tangu siku hiyo sijawahi kukaa mahali pamoja mpaka viatu vikauke. Nilichuma chai Boito kwenye mashamba ya watu. Nilisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali ya misheni kule Kaplong. Niliuza sabuni na viazi Kiptere siku za soko. Kila nilipochoka nilirudi nyumbani, na kila niliporudi kulikuwa na mtu mmoja niliyemtafuta hata kabla ya kumsalimu mama yangu mzazi. Huyo alikuwa bakule wangu.

Bakule, kwetu sisi Wakipsigis, ni mtu uliyeingia naye jandoni. Mimi na yeye tulikaa kibanda kimoja tukiuguza vidonda, tukafundishwa pamoja, tukatoka pamoja tukiwa wanaume. Ndugu mnaweza kugombania shamba, lakini bakule humfichi kitu. Ukimficha, ni kama umemwibia.

Yeye aliendelea na shule, akawa mtu wa kwanza pande zetu kuingia chuo kikuu. Siku ya kumuaga watu walijaa boma lao mpaka wengine wakasimama ndani ya shamba la chai. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Wazee walimwita tumaini letu. Mimi siku hiyo nilipewa kazi ya kuchunga sufuria ya nyama isiungue, na nilipomwona amevaa koti jipya, ameketi katikati ya wazee, nilisahau kuikoroga. Nilimwonea wivu wa kumtosha mtu mzima. Lakini jioni aliwaacha wageni wote, akaja kuketi kando yangu juu ya kuni, akasema, "Haya, niambie ya Kaplong."

Ndivyo tulivyokuwa. Yeye alikuwa na vitabu, mimi nilikuwa na barabara. Nikamwambia habari ya yule mzee aliyepona mguu lakini akakataa kushuka kitandani, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kusukumwa na mtu, akataka tumzungushe wodi mara moja zaidi kabla hajaenda nyumbani. Bakule wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wivu wangu ukapoa. Koti alikuwa nalo, lakini hadithi zilikuwa zangu, na alizihitaji.

Sasa ile miaka ya tisini ikielekea kwisha, wanafunzi wa chuo chake waligoma, chuo kikafungwa, wakarudishwa makwao na kuamriwa kwenda kwa chifu kila wiki kutia sahihi. Mimi nilikuwa Boito. Niliposikia yuko nyumbani niliacha kikapu cha watu nikaja mbio, kwa sababu nilikuwa na hadithi bora kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Ilikuwa ya mwanamke mmoja mchumaji aliyemwimbia msimamizi nyimbo za kanisa kila alipomkaripia, mpaka msimamizi akawa anaogopa kufungua mdomo asije akaanzisha ibada.

Nilimsimulia vizuri, na sauti ya mwanamke nikaiweka. Alikuwa anaangalia mlima.

"Ehe," akasema nilipomaliza. Kisha akasema, "Unajua kuna mtu Kanada anaishi mahali ziwa linageuka barabara? Maji yanakuwa magumu, wanapitisha malori juu yake."

"Nani amekuambia?"

"Rafiki yangu."

"Mlikutana wapi na Mkanada wewe?"

"Hatujakutana."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu mwenye mgeni mwingine ndani ya nyumba, anayengoja wewe uondoke. Nilitembea kwa miguu kutoka Boito kwa ajili ya hadithi ile. Nikajiuliza ni nani huyo aliyekaa kwenye kiti changu.

Wiki zile nilimchunguza kama mtu anayechunguza ng'ombe aliyeacha kula. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu. Alifua shati kila jioni akalianika juu ya moto, na asubuhi alichuma chai ya mama yake haraka haraka, anaruka vichaka, kisha anapanda gari la maziwa kwenda Kericho mjini. Siku ambazo hakwenda zilikuwa mbaya zaidi. Vidole vyake vilikuwa vinagonga kikapu, vinagonga goti, vinagonga kikombe. Aliweza kumfokea mama yake kwa sababu ya chumvi, halafu ukamkuta nyuma ya zizi analia, na ukimuuliza anasema ni moshi.

Mama yake akaniita jikoni. Alikuwa mjane, mfupi, na hakuwa na desturi ya kuzunguka maneno.

"Wewe ni bakule wake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie. Ni wa nani?"

"Nani, mama?"

"Usinifanye mimi mtoto. Msichana! Nimelea wavulana mimi. Kijana akianza kufua shati kila jioni, kuna mtu wa kuliona hilo shati."

"Hajaniambia, mama."

"Hajakuambia wewe?"

Akanitazama kwa huruma, na afadhali angenipiga na mwiko. Maana nami nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo. Ana msichana, na amenificha.

Lakini mama yake hakuniita kwa ajili ya wivu wangu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba chuo kinafunguliwa, na mwanafunzi asiyejiandikisha kabla ya mwisho wa wiki iliyofuata angepoteza nafasi. Mwanawe alisema angeondoka Jumatatu. Jumatatu akaenda Kericho akarudi jioni. Jumanne hivyo hivyo.

"Kijana aliyefungwa moyo hasomi," mama akasema. "Tukienda kwao huyo msichana, tukaongea vizuri, moyo utatulia, atarudi shule. Msichana atangoja. Wewe fuata uone ni wa wapi. Na ulizia ukoo."

Ukoo ndio mwanzo wa kila kitu kwetu. Kabla ya sura, kabla ya tabia, unauliza ukoo, usije ukaposa dada yako.

Nikamfuata Jumatano. Aliingia duka la mama mmoja Mkikuyu aliyehamia Kericho zamani, duka la fotokopi, kupiga chapa na picha za kitambulisho. Kwenye kioo walikuwa wamepaka neno jipya kwa rangi nyekundu: Intaneti. Mimi niliyejua kila njia kati ya Kiptere na Boito sikujua neno hilo, nikadhani ni aina ya picha. Nikasimama baraza la ng'ambo. Ndani nilimwona msichana kaunta, nywele zimesukwa, sweta la kijani. Bakule wangu alimwambia neno, akacheka, kisha akapita nyuma ya pazia. Baadaye msichana naye akapita nyuma ya pazia. Akatoka. Akaingia tena. Mvua ya mawe ikanyesha, ikaisha, na mtu wangu hajatoka. Nikaona nimeona vya kutosha.

"Ni Mkikuyu," nilimwambia mama yake. "Yuko dukani. Amesuka nywele."

Baba mdogo wa bakule wangu alikuwa hapo. "Mkikuyu?" akauliza.

"Awe Mkikuyu, awe Mkisii, awe ametoka mwezini," mama akasema. "Mradi mtoto arudi shule."

Kesho yake tukaenda. Tulienda mapema, kama desturi inavyotaka, baba mdogo na koti lake la kanisani, mama na leso mpya, shangazi mmoja mzee, na mimi wa kuonyesha njia. Bakule wangu alikuwa ametangulia na gari la maziwa bila kujua. Kwetu watu wa kuposa hawaingii wakasema wametaka nini. Unaketi. Unauliza mvua. Unauliza ng'ombe. Wenye boma wakiwa na akili wataelewa. Basi tukaketi kwenye benchi la wateja, wote wanne, na baba mdogo akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Hamjambo hapa?" akasema.

"Hatujambo, mzee," mwenye duka akajibu. Alikuwa mama mnene mwenye miwani kwenye uzi. "Ni fotokopi?"

"Hapana. Mvua imewafikia?"

"Imefika. Ni kupiga chapa?"

"Hapana, mama. Hatuna haraka. Ng'ombe wako salama?"

Yule mama akatutazama mmoja mmoja. "Mzee, mimi sina ng'ombe. Niko na fotokopi."

Shangazi akaguna, kwamba boma halina hata ng'ombe. Baba mdogo akakohoa, akaona hawa ni watu wa mjini, itabidi asaidie. "Sisi ni watu wa amani," akasema. "Tumeona kijana wetu ameipenda hii boma yako."

"Ule kijana wa chuo? Ameipenda sana! Kila siku yuko hapa."

"Basi." Akamgeukia msichana kwa upole. "Mtoto wangu, nyinyi ni watu wa ukoo gani?"

Msichana akarudi nyuma hatua. "Tata, hawa wanataka nini?"

Tata yake, yaani shangazi yake mwenye duka, alielewa pole pole, nikaona kuelewa kunapanda usoni mwake kama maziwa yanayochemka, kisha akashika kaunta kwa mikono miwili akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. "Uuui! Mzee! Huyu ana mtu wake Karatina! Na kijana wenu hajui hata huyu anaitwa nani. Huyu anaingia kule kumwambia muda umeisha, basi. Mwenye anapendwa yuko huku."

Akavuta pazia. Bakule wangu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mgongo umepinda, na hakugeuka. Posa yake ilikuwa imezungumzwa hatua chache nyuma ya masikio yake na hakuisikia. Ilibidi mama yake amguse bega.

"Mama?" akasema, kama mtu aliyeamshwa.

"Hakuna msichana?"

"Msichana gani?"

"Hata mmoja?"

"Hakuna, mama."

"Sasa ni nini kinakukondesha?"

Akaigeukia tena kompyuta. Mama akaweka kiganja ubavuni mwa ile kompyuta, jinsi anavyompima ndama. "Ina homa," akasema. Akarudi kwenye benchi akajifunika leso usoni. Baba mdogo akaokota fimbo yake. "Ningejua," akasema, "ningeuliza ukoo wa hii mashine." Hakuna aliyecheka. Wakaondoka. Mama alipofika mlangoni akanigeukia. "Wewe baki. Zimebaki siku mbili tu."

Nikavuta kiti. Kwa mara ya kwanza nikamwona mpinzani wangu uso kwa uso. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yanapanda kwenye kioo yenyewe, watu wa mbali wanaongea kwa kuandika, na yeye anawajibu kwa vidole upesi kuliko wachumaji wa Boito. Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Nilikisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jiwe la kwanza nililokanyaga lilikuwa Kaplong.

Nikasogea. Kaplong. Kisha kitanda. Kisha mzee. Kisha nikakuta neno la mimi. Mimi nilimsukuma, mzee akakataa kushuka.

"Nani huyu alimsukuma?" nikauliza.

Vidole vyake vikasimama.

"Wewe ulikuwa Kaplong lini?"

"Soma tu," akasema kwa sauti ndogo.

Nikasoma. Alikuwepo pale yule mwanamke wa nyimbo za kanisa. Kwa hiyo alinisikiliza siku ile, macho yakiwa mlimani, akapokea kila kitu akakileta hapa. Kiptere ilikuwepo, na ile mvua iliyonikuta karibu na Boito nikalala chini ya kichaka cha chai. Lakini aliyelala ni yeye. Kwa watu wale hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mtu aliyeacha shule mapema, mzururaji, asiyekaa mahali. Na mtu wa Kanada alikuwa ameandika kwamba amecheka peke yake nyumbani kwake mpaka machozi, na kwamba anatamani maisha kama hayo.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kicheko kile kilikuwa changu. Kilivuka bahari kikaja mpaka Kericho, kikafika kwa mtu mwingine.

"Wewe hujawahi kusukuma hata wilbaro," nikamwambia.

"Najua."

"Una chuo. Una koti. Una kila mtu anakuombea. Ukaona uchukue na hii?"

Hapo akageuka, na machozi yalikuwa yamejaa. "Wewe ukirudi mikono mitupu, wanakupa chakula. Mimi nikirudi wananiuliza nitawafanyia nini. Kabla ya mgomo nilianguka masomo, inatakiwa nirudie mtihani, na hakuna mtu anajua. Wenzangu waliporusha mawe mimi nilimshukuru Mungu, kwa sababu chuo kitafungwa. Humu ndani hakuna mtu ananiita tumaini. Nikiandika kwamba nimenyeshewa, wananiuliza, halafu? Basi. Halafu? Hujui nimekuonea wivu tangu lini. Tangu kule kibandani. Wewe ulipotoka ulienda unakotaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na wewe ndiye nilikuwa nakuibia?"

Ngurumo ikapiga juu ya mji. "Toa mkono!" mwenye duka akapiga kelele. "Nazima!" Kericho kila alasiri ni hivyo, radi isije ikapita kwenye waya wa simu ikachoma mashine. Kioo kikawa cheusi. Na vidole vya bakule wangu vikaendelea kugonga. Alikuwa anaandika kwenye giza, anaandika, na macho yake hayatoki hapo.

"Kila mvua iko hivyo," yule mama akaniambia, sasa bila kicheko. "Nimemfukuza mara nyingi. Nikimfukuza anasimama nje kwa mvua. Ndio nikasema heri anipigie chapa kazi za watu, halafu akae ndani. Lakini huyu si mzima, kijana. Mchukue."

Wivu haukuniisha, lakini hofu iliupita. Nikashika mikono yake yote miwili mpaka ikatulia, na ilichukua muda wa mvua nzima.

Nyumbani alimwambia mama yake ukweli wote, mtihani na mgomo. Mama alisikiliza akipura maharagwe. Hakuacha kupura.

"Utarudi?" akauliza.

"Naogopa, mama. Kule ziko mashine nyingi kuliko hapa."

"Basi hutaenda peke yako." Akanigeukia. "Mliuguza vidonda pamoja, hakuna aliyeachwa alale peke yake kibandani. Huyu hajapona. Nenda ulale naye."

Hivyo ndivyo mimi, wa darasa la saba, nilivyoingia chuo kikuu na blanketi begani. Tulifika siku ya mwisho, akajiandikisha mstari ukiwa karibu kufungwa, nami nikalala sakafuni chumbani kwake. Sikuwa na dawa yoyote ninayoijua. Nilikuwa na hasira tu, na udadisi. Jioni ya kwanza nikamwambia, "Umechukua zangu zote. Sasa nataka zako. Umefundishwa nini leo?"

"Jiografia. Hutaelewa."

"Wale wa Kanada ulijuaje wataelewa?"

Akaanza kwa shingo upande. Aliniambia jinsi upepo unavyotoka ziwani Nyanza, unapanda vilima vyetu, unakutana na mwingine kutoka mashariki, ndiyo maana mvua ya Kericho inakuja alasiri. Nilikaa wima. Maisha yangu yote nimenyeshewa na mvua ile na hakuna mtu aliyewahi kuniambia inatoka wapi.

"Halafu?" nikasema. "Mbona Boito inanyesha kuliko Kiptere?"

Hakujua. Kesho yake alienda maktaba, akarudi na jibu, kwamba Boito iko karibu na msitu na msitu huongeza mvua, na jibu nikalitoboa kwa swali lingine. Sisemi alipona. Mara mbili alinitoroka nikamkuta kwenye jengo la kompyuta, na mara moja mbele ya wenzake aliniambia, "Wewe uliyeacha shule ndiye utanisomesha?" Wakacheka. Nilimwonea wivu wakati ule mpaka meno yakauma, kwamba mtu anapewa haya yote, msitu na upepo na ziwa, bure, na anayakimbia. Lakini sikuondoka, na jioni nikamuuliza tena. Akafunga daftari, akalifungua tena. Kisha akanijibu.

Siku ya mtihani nilimsindikiza mpaka mlangoni. Askari wa mlango akanyoosha mkono nami nionyeshe kadi, nikarudi nyuma. Nikaketi kwenye nyasi. Mlango ukafungwa, nikawa nasikia karatasi zinafunuliwa ndani, zote kwa pamoja. Sijawahi kutaka kuingia mahali kama nilivyotaka kuingia pale.

Alitoka kati ya wa mwisho, shati limelowa jasho. Hakuangalia upande wa jengo la kompyuta. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Waliuliza nini?"

"Mvua," akasema. "Waliuliza mvua yetu!"

"Ukaandika nini?"

Akanieleza. Ziwa aliandika, vilima aliandika, pepo mbili aliandika.

"Na msitu?"

Akashika kichwa. "Nimesahau msitu."

"Umesahau msitu? Jioni mbili nzima tumeongea msitu!"

"Nisamehe, bakule."

Nikamwambia asinisemeshe mpaka tufike mahali pa kula. Matokeo yalipobandikwa tuliyasoma pamoja, kidole chake na changu vikishuka kwenye karatasi. Alikuwa amefaulu, hata bila msitu. Mimi ningepata zaidi yake.